Vampyr kwenye konsoli ya mkononi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaoanza Vampyr kwenye skrini ndogo hukwama kwa sababu moja: wanaicheza kama gemu ya kupigana, ilhali ni gemu ya usiku mmoja mmoja. Majibu yaliyo hapa yanatokana na maswali ninayoulizwa tena na tena na watu walionunua gemu hii wakitaka kuicheza kitandani au safarini. Hadithi sijaifichua zaidi ya dakika za mwanzo, ila pale ambapo bila kufanya hivyo ungeharibikiwa.

## Mwanzo kabisa

Vampyr ni gemu ya aina gani?

Unapigana mwenyewe, papo kwa papo, huku ukimkuza mhusika wako kwa pointi za uzoefu unazokusanya. Iliundwa na Dontnod, studio ya Ufaransa, ikatolewa na Focus Home Interactive tarehe 5 Juni 2018 kwa kompyuta, PlayStation 4 na Xbox One. Toleo la Nintendo Switch lilifika tarehe 29 Oktoba 2019.

Wewe ni Daktari Jonathan Reid, bingwa wa kuongezea wagonjwa damu aliyerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza. Anazinduka ndani ya shimo la maiti jijini London, mwaka 1918, jiji likiwa limekumbwa na gonjwa la mafua, naye akiwa tayari mnyonya damu, na mtu wa kwanza anayemuua kwa kiu hiyo ni dada yake. Baada ya hapo anapewa kazi ya zamu ya usiku katika hospitali ya Pembroke. Huko ndiko gemu inakoanza kwa kweli: daktari aliyekula kiapo cha kuponya, na wagonjwa ambao kila mmoja ni chakula chake.

Je, lile gonjwa la kwenye gemu lilikuwepo kweli?

Lilikuwepo. Mafua yaliyoitwa ya Kihispania yalienea duniani mwaka 1918 na kuendelea baada yake, yakaua watu wengi mno. Makadirio yanayotajwa sana ni kati ya milioni 20 na 50, na wapo wanaotaja zaidi. Uingereza pekee ilipoteza watu wapatao 228,000. Jina hilo halimaanishi kwamba yalianzia Hispania. Nchi hiyo haikuwa vitani, kwa hiyo magazeti yake yaliandika habari za ugonjwa waziwazi wakati nchi zilizokuwa vitani zilikuwa zikichuja habari.

Hata kazi ya Jonathan ina mizizi. Karl Landsteiner aligundua makundi ya damu mwaka 1901, na ni wakati wa vita hiyo madaktari walipojifunza kuihifadhi damu kwa kutumia sitrati ili isigande, na hatimaye kuiweka akiba karibu na uwanja wa mapambano. Daktari wa kuongezea watu damu mwaka 1918 alikuwa kwenye ukingo wa elimu ya zama zake. Ndiyo maana napenda waandishi walimpa mnyonya damu kazi hiyo: kila anachokijua kuhusu damu kinamkumbusha alichogeuka kuwa.

Inachukua muda gani kumaliza?

Ukifuata hadithi kuu, tenga kama saa 20. Ukitaka kuzungumza na kila raia na kumaliza kazi zao ndogo, weka saa 25 hadi 30 au zaidi. Mimi ningekushauri uchague njia ya pili, kwa sababu utakazozisoma katika Kwa nini kila mtu anasema niongee na watu kwanza?

Inamfaa mtoto?

Hapana. Ina alama ya PEGI 18 barani Ulaya, yaani ni ya wenye miaka 18 na kuendelea. Damu ni nyingi, na mambo yanayozungumzwa ni mazito kuliko damu yenyewe.

Kuna Kiswahili?

Hakuna. Sauti ni za Kiingereza na maandishi yapo katika lugha kadhaa kubwa. Washa maandishi ya chini ya skrini tangu mwanzo hata kama Kiingereza chako ni kizuri, maana wahusika wengi wana lafudhi nzito za London na Ireland, na neno moja likikupita linaweza kuwa ndilo ulilolihitaji.

## Kifaa mkononi

Nicheze kwenye Switch au Steam Deck?

Kwa sura na ulaini, Steam Deck, ile konsoli ya mkononi inayocheza gemu za kompyuta, iko mbele. Toleo la Switch lilipunguzwa ili lienee kwenye mashine isiyo na nguvu nyingi: picha ina ukungu zaidi, mwendo unayumba mahali penye maadui wengi, na kusubiri mtaa upakie ni sehemu ya maisha. Lakini gemu ni ileile, yenye hadithi ileile na uchaguzi uleule. Kama Switch ndiyo uliyonayo, usijinyime.

Steam Deck huendesha toleo la kompyuta la Windows kupitia Proton, programu inayowezesha gemu za Windows kufanya kazi humo, na pale una nafasi ya kupanga picha utakavyo. Kinachonivutia zaidi ni skrini ya OLED, iwe ya Switch au ya Deck. Gemu hii ni usiku mwanzo hadi mwisho, na kwenye OLED weusi unakuwa weusi wa kweli badala ya kijivu.

Nipange vipi picha kwenye Steam Deck ili betri isiishe haraka?

Funga kasi ya picha kwenye menyu ya haraka, ile inayofunguka kwa kitufe chenye nukta tatu. Kwenye Deck ya LCD, weka skrini kwenye hezi 40 na picha 40 kwa sekunde. Kwenye ya OLED, yenye hezi 90, picha 45 zinagawanyika vizuri. Ukiwa mbali na chaji, 30 zinatosha. Hii si gemu inayodai vidole vya umeme. Kisha shusha ubora wa vivuli kabla hujagusa kitu kingine, kwa kuwa mwonekano mzuri wa gemu hii unatoka kwenye taa na ukungu, na huo ungependa ubaki.

Maandishi ni madogo mno. Nifanyeje?

Kwenye Steam Deck, bonyeza kitufe cha Steam pamoja na L1 ili kukuza sehemu ya skrini. Kwenye Switch, nenda kwenye mipangilio ya mfumo uwashe ukuzaji, halafu bonyeza kitufe cha Home mara mbili kila unapouhitaji. Barua na shajara unazookota ndizo zinazosumbua zaidi. Zisome ukiwa maficho (nyumba salama anamolala Jonathan), palipotulia, si katikati ya barabara yenye maadui.

Sioni kitu, giza limezidi.

Zima kwanza mwanga wa skrini unaojirekebisha wenyewe. Chumba kikiwa na giza, kifaa hushusha mwanga, na gemu nayo ni giza, basi unabaki na kioo cheusi. Baada ya hapo ongeza mwangaza ndani ya mipangilio ya gemu. Pia jizoeze kutumia hisi za mnyonya damu: dunia hugeuka rangi ya kijivu na damu ndani ya miili huonekana nyekundu, hata ya mtu aliye gizani.

Nisikilize kwa spika au vifaa vya masikioni?

Vifaa vya masikioni, bila kusita. Muziki ni wa Olivier Deriviere, na ile selo inayokwaruza nyuma ya mitaa ndiyo nusu ya hofu yote. Spika ndogo za konsoli huimeza.

Naweza kuweka kifaa usingizini katikati ya mchezo?

Unaweza, na ndiyo raha ya konsoli ya mkononi. Ila usichanganye mambo matatu yanayofanana kwa jina.

Kuweka kifaa usingizini hakuhifadhi chochote. Kunaisimamisha gemu tu. Betri ikiisha ukiwa umekiacha hivyo, unarudi pale gemu ilipojihifadhi mara ya mwisho. Gemu kujihifadhi ni jambo jingine: hujihifadhi yenyewe, na huna kitufe cha kuilazimisha. Na Jonathan kulala kitandani ni jambo la tatu kabisa, lenye uzito kuliko yote, kwa kuwa linausogeza mji mzima usiku mmoja mbele. Nimeona watu wakimlaza Jonathan ili tu wapate uhakika kwamba mchezo umehifadhiwa kabla ya kuzima kifaa. Usifanye hivyo. Soma Nini hasa hutokea Jonathan akilala?

## Damu, maongezi na usingizi

Kwa nini kila mtu anasema niongee na watu kwanza?

Mji una raia wapatao 60 wenye majina, nyumba, ndugu na siri, waliogawanyika katika sehemu nne: hospitali ya Pembroke, Whitechapel, Docks na West End. Kila mmoja ana damu yenye ubora wake, na ubora huo hupanda kwa njia mbili: afya yake, na mambo unayoyajua kumhusu. Kadiri unavyomfahamu mtu ndivyo damu yake inavyokuwa na thamani kubwa. Raia mwenye afya ambaye umeshazijua siri zake zote anaweza kukupa pointi elfu kadhaa kwa mara moja, wakati adui wa barabarani anakupa kiasi kidogo tu.

Hapo ndipo mtego ulipo, na naupenda kwa jinsi ulivyotegwa. Unaanza kumchimba mtu ili umle, na ukimaliza kumchimba unamjua kiasi kwamba huwezi tena kumla. Mtu asiyeongea na raia anapoteza gemu yenyewe.

Siri hupatikana wapi?

Kwa kuwauliza wenyewe, kwa kuwauliza majirani wao, kwa kuwafuata kimyakimya na kusikiliza wanayozungumza, kwa barua unazookota, na kwa kumaliza kazi wanazokupa. Kuwa makini na majibu unayochagua. Jibu baya linaweza kumfunga mtu kinywa moja kwa moja, na siri hiyo ukaikosa kwa mchezo wote uliobaki.

Nini hasa hutokea Jonathan akilala?

Mambo mawili. La kwanza ni kwamba hapo tu ndipo unapotumia pointi za uzoefu ulizokusanya kununua uwezo mpya. La pili ni kwamba usiku unapita na mji unahesabiwa: wagonjwa ambao hukuwatibu wanaweza kuzidiwa, wenye afya wanaweza kuugua, na kila kifo ulichosababisha kinaingia kwenye hesabu ya afya ya mtaa wake.

Kwa hiyo, kabla ya kumlaza, fungua ukurasa wa raia uone nani anaumwa nini, zungukia mitaa yote, gawa dawa, ndipo ulale. Nilipoanza nilikuwa nalala kila nikipata pointi za kununua kitu kidogo, na Whitechapel ikaozea mikononi mwangu. Sasa nalala mara chache, pointi zikiwa nyingi, na mzunguko mmoja wa dawa hadi usingizi ndio kikao kimoja cha kucheza. Kwa mtu anayecheza saa moja moja kwenye kifaa cha mkononi, sijapata kipimo kinachofaa kuliko hicho.

Dawa zinatengenezwaje?

Unahitaji vitu viwili, kanuni ya dawa na malighafi yake, kisha meza ya kazi, ambayo utaikuta kwenye maficho. Malighafi zinatoka kwenye masanduku, maiti za maadui, na vitu unavyovivunjavunja. Magonjwa yamepangwa kwa uzito: uchovu na mafua mepesi chini, hadi nimonia na sepsisi (maambukizi yaliyoenea kwenye damu) juu. Mtibu mtu akiwa bado na kitu chepesi. Kumtibu kunakupa pointi pia, kwa hiyo hakuna hasara.

Kumkumbatia raia maana yake nini, na kwa nini siwezi kumkumbatia kila mtu?

Kukumbatia ni neno la gemu la kumnyonya raia mpaka afe. Unampumbaza, unamshika mkono, unamwongoza mahali pasipo macho ya watu. Lakini kila raia ana kiwango cha upumbazaji kinachotakiwa, na chako kikiwa chini yake hatakufuata. Kiwango chako hupanda kadiri hadithi inavyosonga. Wale wenye damu nono, basi, wamefungiwa mpaka uwe umeishi nao kwa muda.

Nguzo ya mtaa ni nini?

Kila sehemu ina mtu mmoja aliyeishikilia. Pembroke ni Daktari Edgar Swansea, Whitechapel ni muuguzi Dorothy Crane, Docks ni Sean Hampton na West End ni Aloysius Dawson. Hadithi itakufikisha mbele ya kila mmoja wao na kukutaka uamue hatima yake, na uamuzi huo unaugusa mtaa mzima.

Nitasema jambo moja tu bila kukuharibia. Uwezo wa kumpumbaza nguzo unaonekana kama njia ya katikati, ya huruma, isiyomwaga damu. Si salama kama inavyoonekana. Akili iliyovurugwa huenda isiweze kuendelea kubeba kazi iliyokuwa imeibeba. Kabla hujafika kwao, tibu kila mtu katika mtaa wao, ili ukikosea mtaa uwe na nguvu ya kustahimili pigo.

## Mapigano

Napigwa kila mara. Nakosea wapi?

Mara nyingi ni pumzi. Kila pigo na kila kukwepa kunakula mstari wa pumzi, na ukiisha unasimama kama mti. Piga mara mbili au tatu, jitoe, vuta pumzi, rudi. Nunua mapema uwezo wa kuongeza pumzi na wa kujiponya kwa kutumia damu.

Kosa la pili ni kusahau damu. Nguvu zako za giza zote zinatumia damu, na damu unaipata kwa kung'ata. Tumia silaha ya mkono wa kushoto inayolegeza, kwa mfano kigingi cha mti, mpaka adui apepesuke, kisha mng'ate. Nje ya mapigano, panya wa vichochoroni watakupa kidogo. Si heshima kwa daktari, lakini husaidia.

Adui huyu hapungui damu kabisa.

Angalia mambo mawili yaliyo kwenye mstari wake wa uhai: levo yake, na alama za kinga. Wengine wana kinga dhidi ya mapigo ya mkono, wengine dhidi ya risasi, damu au kivuli. Beba silaha za aina mbili tofauti. Ikiwa levo yake imekuzidi kwa mbali, pita njia nyingine. Wawindaji wa Priwen, kundi linalowasaka wanyonya damu, hasa hupenda kukaa penye njia nyembamba, na mara nyingi kuna ua au ngazi ya kuwazunguka.

Hakuna namna ya kuruka kutoka mtaa mmoja hadi mwingine?

Hakuna. Unatembea. Fungua kila mlango na geti linalofungukia upande wako. Njia za mkato hubaki wazi, na baada ya muda London inakuwa ndogo.

Nichague ugumu upi?

Mwanzo wa mchezo unachagua kati ya hadithi, kawaida na mgumu. Viwango vya hadithi na mgumu viliongezwa mwaka 2018, baada ya gemu kutoka. Ukitaka kumaliza bila kumnyonya raia yeyote, kiwango cha hadithi hakikupunguzii utu wa uamuzi wako hata kidogo. Kinakupunguzia mikwaju tu.

## Yanayokwaza baadaye

Inawezekana kweli kumaliza bila kumkumbatia raia hata mmoja?

Inawezekana, na kuna tuzo ndani ya gemu kwa atakayefanya hivyo. Kuua maadui barabarani hakuhesabiwi. Ila utakuwa dhaifu kuliko wakuu wa maadui wa nusu ya pili, kwa hiyo itabidi uishi kwa kazi za raia, dawa, na silaha ulizoziboresha mpaka mwisho. Mwambie mtu anayeanza kwamba njia hii ndiyo ngumu zaidi. Wengi hudhani wema utalipwa kwa wepesi.

Nimejutia uamuzi. Naweza kurudi nyuma?

Huwezi. Gemu hujihifadhi juu ya ilipojihifadhi, na kilichopita kimepita. Hata ukiwahi kuifunga, mara nyingi utakuta imeshaandika. Ni ukali, na wapo wanaoudai kuwa kasoro. Mimi nauona kuwa ndio unaofanya kidole kitetemeke kabla ya kubonyeza.

Nimeamka, mtaa mzima umepotea. Ni hitilafu?

Si hitilafu. Afya ya mtaa ikishuka mpaka chini kabisa, mtaa unaanguka: raia wake wanatoweka au kufa, kazi zao zinakatika, na mahali palipokuwa na maongezi panajaa maadui. Hautainuka tena. Mitaa mingine bado unaweza kuiokoa, na hadithi inaendelea, kwa hiyo usiifute. Hatua za kuzuia ziko kwenye Nini hasa hutokea Jonathan akilala?

Nimeacha kucheza wiki tatu, nimesahau nilikuwa wapi.

Usiendelee na hadithi kuu papo hapo. Fungua ukurasa wa raia, mtaa kwa mtaa. Nyuso, ugonjwa na siri ulizofungua zimeorodheshwa pale, na mstari wa undugu unaonyesha nani anamhusu nani. Kisha fanya mzunguko mmoja wa dawa bila kulala. Ukimaliza mzunguko huo, mji utakuwa umekurudia kichwani.

Nimeanza kwenye Switch, sasa nina Steam Deck. Mchezo wangu unahama?

Hauhami. Utaanza upya, na utainunua upya.

Nimemaliza bila kuua raia yeyote. Kuna sababu ya kuanza tena?

Ipo. Miisho ni minne, na kinachoitenganisha ni hasa idadi ya raia uliowanyonya. Lakini sababu inayonirudisha mimi ni nyingine. Unapomkumbatia raia, unasikia mawazo yake ya mwisho, na humo kuna mambo ambayo hakumwambia mtu yeyote: jina analolitaja, kosa analoliomba radhi, mtoto anayemngoja. Maneno hayo hayapo kwenye barua wala kwenye maongezi. Niliyemtibu nimonia mara mbili katika mchezo wa kwanza, nikadhani namjua hadi mwisho, nilimsikia kwa mara ya kwanza katika mchezo wa pili, akiwa mikononi mwangu, gizani nyuma ya hospitali.